Kutuliza masafa ya transiva za zamani: mwongozo kamili kwa wanaredio wa Unguja na Pemba

Transiva (mtambo wa kurusha na kupokea) inayohama masafa inawachosha wote walio hewani. Unafungua mazungumzo kwenye bendi ya mita 40 baada ya Isha, sauti yako safi, na dakika kumi baadaye mwenzako ameshaanza kuzungusha nobu kukufuata. Kwa CW, yaani Morse, anaweza kukuvumilia. Kwa FT8, mawasiliano ya kompyuta yaliyotoka mwaka 2017, hakuna wa kukuvumilia: ujumbe mmoja unatumia toni nane zilizoachana kwa hezi 6.25 tu, unarushwa kwa sekunde 12.64, na ukihama hezi kadhaa ndani ya muda huo kompyuta ya upande wa pili inaanza kushindwa kuusoma. Na anayerusha kutoka huku kwetu hajifichi. Unguja inajulikana kwa wawindaji wa visiwa duniani kwa namba AF-032 ya mpango wa IOTA (Islands on the Air, wa kuwasiliana na visiwa), Pemba nayo ina yake, na ukiita tu watu wanakujia kwa mkupuo. Wanastahili kukukuta pale pale walipokusikia.

Mwongozo huu ni wa mitambo yenye VFO (kitoa masafa kinachozungushwa kwa nobu) ya koili na kapasita: Kenwood TS-520, Yaesu FT-101, Heathkit za SB na jamaa zao wa miaka ya 1960 na 1970. Mitambo iliyokuja baadaye na sintesaiza ina maradhi mengine na dawa nyingine. Ninachosisitiza hapa kuliko yote ni mpangilio wa kazi. Siku hizi mtu akiona redio yake inahama, la kwanza ni kuagiza bodi ya DDS (ya kutengeneza masafa kidijitali) na kuing'oa VFO. Pima kwanza. Kisha shughulikia umeme, kisha usafi na unyevu, kisha joto, kisha kapasita za kufidia. Vifaa vya kidijitali viwe mwisho. Hewa yetu ya chumvi na umeme wetu unaopanda na kushuka vinaziumiza redio hizi kwa namna ambayo watengenezaji hawakuipangia, na bodi mpya haiponyi mguso uliooza.

Usalama

Valvu za mwisho za mitambo hii hulishwa volti 600 na zaidi, na kapasita za pawa sapulai hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Chomoa, subiri dakika chache, toa chaji kwa rezista ya kiloomu 10 hadi 47 yenye wati za kutosha iliyofungwa kwenye kijiti cha plastiki, kisha hakikisha kwa mita kwamba volti zimeisha kweli. Ukilazimika kupima mtambo ukiwa unawaka, tumia mkono mmoja, wa pili uuweke mfukoni, na watoto wasiwepo chumbani.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa chochote

Unahitaji kitu cha kusomea masafa, kipimajoto chenye waya na kichwa kidogo, na daftari la hesabu lenye miraba. Cha kusomea masafa kilicho bora ni kaunta, iliyounganishwa kwenye tokeo la VFO kupitia kapasita ndogo ya pikofaradi 5 hadi 10 ili kaunta yenyewe isiivute VFO. Kama huna kaunta, kipokezi cha SDR (redio ya kompyuta) cha USB chenye kristali iliyofidiwa joto kinatosha: kikiwa na usahihi wa sehemu 1 kwa milioni, kosa lake kwenye megahezi 5 ni hezi 5 tu. Na kama huna vyote viwili, ipo njia ya bure, nayo ni stesheni za saa. WWV ya Marekani na BPM ya China hurusha kwenye megahezi 10 na 15 kamili. FT-101 na TS-520 zote zina nafasi ya megahezi 10 kwenye swichi ya bendi kwa ajili ya kazi hiyo hiyo. Zungusha nobu mpaka upate mluzi wa hezi 1000 hivi, weka simu yenye programu ya kuonyesha spektra karibu na spika, na uangalie mluzi unakwenda wapi.

Redio iwe imelala usiku kucha bila kuwashwa. Kifuniko kiwe kimefungwa kama siku zote, madirisha yawe kama siku zote. Washa kaunta nusu saa mapema ipate moto wake. Bandika kichwa cha kipimajoto kwenye boksi la VFO kwa utepe. Zima RIT (nobu ya kusogeza kidogo masafa ya kupokea), washa redio ikiwa kwenye kupokea, na uandike masafa na joto dakika ya kwanza, halafu kila dakika tano kwa saa mbili. Baada ya hapo rusha kwenye dami lodi (mzigo wa bandia badala ya antena), dakika moja kurusha na dakika nne kupumzika, kwa nusu saa nyingine, ukiendelea kuandika. Chora grafu mbili juu ya karatasi moja, ya masafa na ya joto.

Jua pia mwisho wa matarajio yako. Kitabu cha TS-520 kinaruhusu kilohezi 1 katika saa ya kwanza baada ya dakika moja ya kupasha, kisha hezi 100 kwa kila nusu saa. Redio yako ikifanya hivyo, si mbovu. Inaweza kuboreshwa, lakini si mbovu, na anayekuuzia dawa ya ugonjwa usiokuwepo anakula pesa yako.

Kusoma grafu

Hapa ndipo kazi inaporahisika au kuharibika. Mstari unaoteremka au kupanda polepole na kutulia pamoja na joto ni joto lenyewe. Mstari unaotikisika kila feni au friji ya nyumbani inapowaka ni umeme. Mstari unaoruka ghafla hezi mia mbili, ukatulia, ukaruka tena, ni mguso: skrubu iliyolegea, lehemu iliyopasuka, kapasita inayokata ndani, au nobu ya RIT iliyochafuka. Na grafu inayokuja tofauti kila siku, hasa wakati wa masika, ni unyevu.

Badilisha bendi pia. VFO ni moja kwa bendi zote, kwa hiyo ikihama, inahama kwa hezi zile zile kwenye mita 80 na kwenye mita 10. Ikiwa bendi moja tu ndiyo inayosumbua, acha VFO kabisa ukatazame kristali ya bendi hiyo.

Angalizo moja linalowakwamisha wengi: mwelekeo wa masafa hewani si lazima uwe mwelekeo wa VFO. Katika FT-101, VFO inakwenda megahezi 9.2 dayo (sahani ya namba za masafa) ikiwa sifuri na 8.7 dayo ikiwa 500. Ina maana masafa ya hewani yakipanda, VFO inashuka. Ukifidia kwa kutazama hewani tu bila kulijua hili, utaongeza ugonjwa mara mbili. Pima VFO yenyewe.

Hatua ya pili: umeme wa VFO

Ramani ya redio itakuonyesha waya unaolisha VFO, aghlabu volti 6 au 9 zilizodhibitiwa. Weka hapo mita ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya volti, kisha mwambie mtu awashe pasi au birika la umeme sebuleni. Majira ya jioni, kila nyumba ikiwa imewasha taa na friji, ndiyo saa nzuri ya jaribio hili. Ikiwa volti hizo zinayumba kwa zaidi ya sehemu mbili tatu za mia, kidhibiti kimechoka. Washukiwa ni kapasita za elektroliti zilizokauka, trima ya kurekebishia volti iliyoota kutu kwenye ulimi wake, na zena (daiodi ya kushikilia volti). Badilisha kwa mpangilio huo huo.

Ukilazimika kuweka zena mpya, ile ya volti 5.6 hivi ndiyo isiyojali joto sana. Za volti 9 hupanda kadiri zinavyopata moto. Ukipenda kidhibiti cha IC, chenye miguu mitatu, kifunge mbali na boksi la VFO, kwa sababu nacho kinatoa joto lake.

Kwa CW, shikilia ufunguo na usikilize kwenye kipokezi kingine. Sauti ikilia kwa kuinama mwanzoni mwa kila nukta, volti zinaanguka unaporusha, au mzunguko unaofuata VFO unaivuta. Hilo litibiwe sasa, kabla hujafika kwenye kapasita.

Hatua ya tatu: mguso, chumvi na grisi iliyokauka

Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa redio iliyokaa karibu na bahari, na haigharimu karibu chochote isipokuwa subira.

Fungua boksi la VFO kwa bisibisi inayolingana na skrubu. Kabla ya kusafisha, washa redio na ugonge kila kitu taratibu kwa kijiti cha plastiki huku ukisikiliza mluzi: koili, kapasita moja moja, kingo za bodi, waya wa ardhi. Panapofanya mluzi uruke, weka alama kwa kalamu. Zima, chomoa, toa chaji, kisha uchome lehemu upya kila sehemu yenye alama, kwa lehemu mpya na fluksi, bila kuichelewesha pasi ya kulehemu juu ya kapasita.

Sasa itazame kapasita ya kuzungusha kwa kioo cha kukuzia. Sahani zinazozunguka hushikana na ardhi kupitia ulimi mwembamba wa shaba unaokandamiza ekseli, na aghlabu pia kupitia mipira ya beringi. Kiwandani palitiwa grisi. Baada ya miaka hamsini ile grisi imekuwa nta ya kahawia, na chumvi imeingia chini yake ikaota ukungu wa kijani. Mkondo wa VFO unalazimika kupita hapo. Njia ikibadilika kidogo tu, masafa yanaruka. Chovya brashi laini kwenye spiriti safi ya isopropili, si ile yenye rangi ya kuwashia taa, usugue ulimi na ekseli, uzungushe nobu mwanzo hadi mwisho, urudie mpaka brashi itoke safi. Pitisha kipande cha karatasi ngumu kati ya ulimi na ekseli ukitelezeshe. Usitumie msasa: unakwangua mng'aro wa fedha, na kutu hurudi kwa kasi. Malizia kwa tone la mafuta mepesi ya saa kwenye ulimi na grisi kidogo sana kwenye beringi. Usipulizie dawa ya kopo juu ya kapasita nzima, maana huyeyusha baadhi ya plastiki na kuacha utando kati ya sahani. Na usizipinde sahani za pembeni hata kama zinaonekana hazikukaa sawa. Kiwanda ndicho kilichozipinda ili namba za dayo zilingane.

Kaza skrubu zote zinazoshika boksi la VFO kwenye chasi. Ikiwa kiini cha koili kinacheza kwenye uzi wake, kitulize kwa tone la nta safi ya nyuki iliyoyeyushwa. Gundi kali ya papo kwa papo usiiguse, kwani siku utakapotaka kurekebisha dayo utavunja kiini.

Geukia nobu ya RIT. Inaongoza daiodi ya varikapu (inayobadilika kama kapasita kwa volti) iliyo ndani ya VFO, hivyo uchafu wake ni uchafu wa VFO. Isafishe, na kama bado inakwaruza, badilisha.

Unyevu

Bodi za kahawia za miaka ile hufyonza maji ya hewani, na trima za zamani (kapasita ndogo za kurekebishia) vilevile. Mvua za masika zikishuka, redio iliyokuwa imetulia kaskazi nzima inaanza kuyumba bila sababu ya kuonekana. Usiianike juani, dayo la plastiki litapinda. Itie ndani ya boksi kubwa la karatasi ngumu pamoja na balbu ya waya ya wati 25 hadi 40 iliyoning'inizwa isiguse karatasi, acha matundu ya hewa juu, na ukae karibu huku kipimajoto kikisoma kati ya 45 na 50. Saa sita au nane zinatosha. Balbu ya LED haifai hapa, haina joto la maana.

Baada ya kukauka, redio isirudi kukaa juu ya meza iliyo wazi kuelekea bahari. Kabati lenye mlango na balbu ya waya ya wati 15 chini yake linaihifadhi vizuri. Pakiti za silika zinazokuja na viatu na mikoba zisaidie tu, na zikaushwe mara kwa mara, kwani zikishajaa maji hazina kazi.

Joto

Weka mtambo mbali na ukuta angalau sentimita 15, na juu yake pasiwekwe kitu. Feni ya valvu iwe inafanya kazi na isafishwe vumbi. Ukiwa unasikiliza tu kwa muda mrefu, zima heta za valvu za mwisho kwa swichi yake. Hapo unaondoa chanzo kikubwa cha moto ndani ya kasha.

Upepo nao una hesabu yake. Wengi wetu tunaweka redio dirishani tupate ubaridi wa kusi, na upepo huo unaopuliza na kukatika ndio unaoichezea VFO. Joto la juu lisilobadilika ni bora kuliko ubaridi unaokuja na kuondoka. Funika boksi la VFO kwa nje na kipande cha filti au povu gumu la kufungia vyombo, unene wa milimita 5. Masafa bado yatahama hadi yatulie, lakini polepole na bila kutikisika.

Hatua ya nne: kapasita za kufidia

Usifike hapa mpaka grafu yako imekuwa mstari laini. Kufidia mstari unaoruka ni kazi bure.

Kapasita nyingi za VFO nzuri ni NP0, ambazo hazibadiliki kwa joto ila kidogo mno. Koili, kwa upande wake, hutanuka na kuongezeka thamani, hivyo masafa hushuka. Dawa ni kapasita inayopungua joto likipanda. N750 hupungua sehemu 750 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya sentigredi, N330 sehemu 330, N150 sehemu 150. Kwa alama za zamani, nyeusi ni NP0, chungwa N150, kijani N330, zambarau N750.

Chukua mfano. VFO ya megahezi 5.2 imeshuka hezi 600 huku kipimajoto kikipanda nyuzi 12. Hiyo ni hezi 50 kwa kila nyuzi, sawa na sehemu 9.6 kwa milioni. Masafa hufuata kinyume cha kipeuo cha pili cha kapasitansi, kwa hiyo kapasitansi inatakiwa ipungue mara mbili ya hapo, yaani sehemu 19 kwa milioni. Ikiwa jumla ya kapasitansi ya mzunguko ni pikofaradi 500, unatafuta upungufu wa pikofaradi 0.0096 kwa kila nyuzi. Gawa kwa 750 kwa milioni, unapata pikofaradi 12.8. Basi toa pikofaradi 12 za NP0 uweke 12 za N750 mahali pake. Kama kapasita iliyopo ni 100, weka 82 ya NP0 sambamba na 12 ya N750, na zile 6 zilizobaki zitachukuliwa na trima. Tazama udogo wa vipimo hivi: katika mzunguko huu, kilohezi 1 nzima ya kuhama ni pikofaradi 0.19. Ndiyo maana grisi iliyokauka inaweza kuvuruga kila kitu.

Kapasita mpya ikae karibu kabisa na koili ili zipate joto kwa pamoja. Ikikaa mbali, masafa yatakwenda upande mmoja kwanza kisha yarudi, na utadhani umekosea hesabu. Funga boksi, acha redio ipoe usiku mzima, pima upya. Ikiwa sasa masafa yanapanda, umezidisha. Rudi nyuma kwa kutumia 10, au N330 ya pikofaradi 22. Kila badiliko linataka usiku wake wa kupoa, na asiyekubali kusubiri atazunguka wiki nzima.

N750 ni nadra madukani, iwe Darajani au Chake Chake. Zitafute kwenye mizoga ya televisheni na redio za FM za zamani, hasa ndani ya tyuna: vidonge vidogo vyenye kichwa cha zambarau. Kapasita za polistairini zinazong'aa kama kioo nazo hupungua kwa joto, takriban sehemu 150 kwa milioni, na zinatumika vizuri kwa marekebisho madogo. Zishike mguu kwa koleo unapolehemu, maana zinayeyuka upesi. Vidonge vya kawaida vya X7R na Z5U visikaribie VFO.

Ikiwa bado unataka zaidi

Mwaka 1973 mwanaredio wa Uholanzi, Klaas Spaargaren, alitoa mzunguko unaoitwa "huff and puff". Unaihesabu VFO kwa kuilinganisha na kristali, na kila mara unaisukuma juu au chini kidogo kupitia varikapu, mpaka ikae kwenye ngazi iliyo karibu, mathalani kila hezi 20. Nobu yako inabaki ile ile na redio haipotezi tabia yake. Ninaupenda kuliko njia nyingine zote za kielektroniki. Sharti lake ni moja: VFO iwe tayari inahama polepole, kwani mzunguko huu unasahihisha kwa hatua ndogo na hauwezi kukimbizana na VFO inayoruka.

Bodi ya kidijitali ya Si5351 au AD9850 inaweza kuchukua nafasi ya VFO nzima. Kwa FT8 ya kila siku inaeleweka. Iingize kupitia tundu la VFO ya nje, usikate waya wa ndani, ili redio iweze kurudishwa ilivyokuwa. Si5351 hutoa mawimbi ya mraba, hivyo inahitaji kichujio cha kupitisha masafa ya chini, na kiwango chake kilinganishwe na cha VFO ya asili kwa kipimio cha RF. Ifunge ndani ya kikopo cha bati kilichounganishwa na ardhi, la sivyo utasikia miluzi yake kwenye kila bendi.

Ukishamaliza, rekebisha dayo kwa kalibreta ya redio, nayo kalibreta uilinganishe na WWV au BPM. Rudia upimaji wa saa mbili kusi ikiingia na tena kaskazi ikiingia, kwa sababu joto la chumba si lile lile. Na mpaka grafu yako itulie, kaa mbali na mipaka ya bendi: sauti ya USB (ukanda wa juu, si ile ya kompyuta) inachukua kilohezi 3 hivi juu ya namba ya dayo, kwa hiyo kwenye mita 20, ambayo mwisho wake ni megahezi 14.350, mwenye redio inayohama kilohezi 1 asipandishe dayo kupita 14.345.